Mama Hakusonya

Sauti ya mama yangu ilikuwa inafika nyumbani kabla yake. Tulikaa mlimani, nje kidogo ya mji wa Mbinga, na jioni akitoka sokoni tulimsikia tangu anavuka daraja la miti kule bondeni, akisalimiana na kila aliyepishana naye, akimuuliza huyu hali ya mtoto na yule habari za msiba, akimcheka mwingine ambaye mbuzi wake walikuwa wameingia tena shambani mwa watu. Baba, akiwa kwenye mashine yake ya kumenyea kahawa, alikuwa anasema bila kuinua kichwa, "Mama yenu huyo, bandikeni maji ya ugali." Na kweli, maji yakianza kuchemka, yeye anatua kikapu mlangoni, na nyumba nzima inajaa harufu ya usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juani juu ya mchanga. Harufu hiyo inachanganyika na ile ya kahawa iliyolowekwa, kali na tamu kwa pamoja, ambayo mtu wa Umatengo, milima yetu hiyo, hata umpeleke wapi ataitambua. Utoto wangu mimi ni harufu hizo mbili. Anayeniambia usipa unanuka, nampa pole.

Mama alikuwa mtu wa ziwani, kutoka Lundo, Mwanglikana aliyeolewa na Mkatoliki wa mlimani. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, hakulimeza jambo hilo vizuri. Alikuwa akisema mwanawe amekwenda kuoa kelele za mawimbi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupandisha malori yao mpaka vijijini, maduka yaliyokuwa matupu yamejaa sabuni na vitenge, na kila mwenye miguu miwili amegeuka mfanyabiashara. Mama naye hakubaki nyuma. Ndugu zake walimpakilia usipa kwenye magari yanayotoka Mbamba Bay, naye akautandaza barazani kwa Mzee Faraji, mwenye duka ambaye wazazi wake walitokea Kilwa. Mzee Faraji alikuwa mpole, nadhifu, na mbahili mmoja wa maneno. Ukimuuliza kama ana sukari, na sukari haipo, hakwambii haipo. Anabana ncha ya ulimi nyuma ya meno, anaiachia: "nts." Umejibiwa, nenda zako. Wateja waliotoka milimani walikuwa wakitoka dukani wamevimba, wakisema Mswahili yule ana dharau, mtu unamuuliza kwa adabu naye anakusonya. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa amekaa na mzee yule kwa miaka, alimjua.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa na rovu shingoni, lililomwota baada ya kuhamia mlimani, kama wanawake wengi wa kwetu wakati ule kabla chumvi yenye madini haijaenea. Likakua hadi likaanza kumbana pumzi, na hospitali ya misheni ikampasua. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa mavuno ya kahawa, shingo imefungwa bendeji nyeupe, na masharti ya daktari yakiwa kichwani mwa baba: asiseme neno, wala asinong'one, mpaka atakaporudi kliniki na kuruhusiwa, na shingo asiigeuze huku wala huku, mishono isije ikafumuka. Hebu fikiria. Mwanamke aliyekuwa anasikika kutoka bondeni, leo amekaa kwenye kigoda jikoni, anatazama mbele tu, kimya. Siku za kwanza kuku walitembea polepole humo ndani, nadhani nao walishangaa.

Ila mama hakuwa mtu wa kushindwa na koo. Mikono ilikuwepo, macho yalikuwepo, na nyusi zilikuwepo. Akivuta sikio lake, anamtaja baba, kwa sababu baba alikuwa haambiwi jambo mara moja akasikia. Akipitisha kiganja hewani kama maji yanayopanda na kushuka, anasema Lundo, au ndugu zake, au ziwa, au samaki, na ilikuwa juu yako kujua ni kipi. Akifunga kilemba kisichokuwepo, huyo ni Bibi. Kusema ndiyo ilikuwa kupandisha nyusi. Mimi nilishika lugha hiyo haraka kuliko wote, na nilijivuna nayo vibaya sana. Watu wakija kumjulia hali nilisimama karibu yake nikitafsiri hata yale ambayo hakusema. Na nisieleweke vibaya, lugha ya namna ile hatukuianza siku ile. Mtoto gani wa Kitanzania hakulijua jicho la mama? Mnakwenda kwa watu, mwenyeji anakwambia karibu chakula, mdomo wa mama unasema, "Kula, mwanangu, usione haya," na jicho lake linasema ole wako. Nawe unajibu kwamba umeshiba, huku macho yako yapo kwenye sahani ya wali. Tulikua tukijua kwamba mtu ana midomo miwili, na kwamba ukisikiliza mmoja tu utapotea.

Shida ilikuwa kusema hapana. Kichwa kilikatazwa kutikisika. Mkono wa kupunga ulifaa pale ambapo mkono haukushika kitu, na mama mikono yake haikujua kukaa bure. Hata mgonjwa alikuwa anachambua maharage, anapepeta mahindi, anasuka nywele zangu. Basi ulimi wake ukamkumbuka Mzee Faraji. Mlio ule hauhitaji koo, hauhitaji shingo, hauhitaji pumzi. Ukimuuliza, "Mama, nikuletee maji?" anajibu "nts", na unajua hataki. Ukimuuliza, "Mama, ugali tayari?" "Nts", na unajua bado. Sisi wa nyumbani tuliuzoea ndani ya siku chache tu, wala haikutupitia akilini kwamba mtu mwingine angeusikia vingine. Hilo ndilo kosa letu la pamoja, na tulilifanya kwa roho safi kabisa.

Jumamosi moja Bibi alikuja na akina mama wenzake wa jumuiya ya kanisani. Walileta uji wa ulezi na ndizi, wakasali, wakakaa. Mama aliwapokea kwa desturi ya kwao ziwani: akapiga magoti taratibu, mgongo umenyooka kwa ajili ya shingo, akakunja viganja na kuvigonganisha kwa sauti nzito mara kadhaa. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yake tangu apasuliwe. Bibi hakuitikia. Alikuwa ameshalalamika kwa baba kwamba makofi si salamu, salamu ina jina lake. Hata hivyo siku ile alikuja na moyo wa huruma, hilo nalikubali mpaka leo. Alimtazama mama na bendeji ile, akainama karibu, akamuuliza kwa upole mbele ya wenzake, "Bado unaumwa sana, mwanangu?" Mama, kwa kutaka kumtoa wasiwasi, akamjibu haraka kwa moyo wote. "Nts!"

Loo! Mmoja wa wale akina mama alifunika mdomo kwa khanga. Mama alikuwa amesema siumwi, mama, usihangaike, na Bibi alikuwa amesikia msonyo, mbele ya watu wa kanisani, kutoka kwa mkwe ambaye hata shikamoo ameacha kumpa. Niliruka, "Bibi, amesema hapana!" lakini nani anasikiliza mtoto wakati mkubwa ametukanwa? Bibi alisimama, akachukua bakuli lake la uji, likiwa na uji wake ndani, akatoka nalo. Mama alibaki ameinua mkono mmoja hewani, kinywa wazi, na nadhani hakuna siku aliyotamani sauti yake kama siku ile. Machozi yalimtoka bila kelele, nami nikalia kwa kelele kwa niaba yetu wote wawili.

Baba alikwenda kueleza, akarudi kichwa chini. Bibi alikuwa amemwambia kwa Kimatengo, lugha aliyoitumia akitaka jambo liwe la mwisho, kwamba yeye si kiziwi. Amesonywa, amesikia. Na kama mkwe wake amechoka kukaa mlimani, basi arudishwe kwao Lundo akapumzike, na ukoo uitwe uamue hivyo Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa. Nilielewa vizuri kabisa maana ya akapumzike. Kwetu mwanamke akipelekwa kwao kupumzika kwa neno la ukoo, hakuna anayejua atarudi lini, na watoto hubaki upande wa baba. Yaani mama angeshuka ziwani na mimi ningebaki mlimani kulelewa na Bibi. Wiki ile sikula vizuri. Kibaya zaidi, siku moja nilimkuta mama ndani anakunja khanga zake na kuzipanga kwenye kikapu, baba amesimama mlangoni, naye mama anampitishia kile kiganja cha mawimbi, tena na tena, huku amekaza uso. Nikajua ameshakubali kwenda. Sikumuuliza. Mimi mfasiri hodari, mjuzi wa kila ishara, niliogopa kuuliza swali moja tu kwa mdomo, nikabeba woga wangu mpaka Jumapili.

Kikao kilikuwa sengu, kile kikao cha ukoo cha Wamatengo ambacho watu hula pamoja kwanza, halafu ndipo maneno yanaanza. Tulikula ugali na maharage uani kwa Babu Kosmas, kaka mkubwa wa marehemu babu yangu, na nilivyoona mimi kila mtu alitafuna muda mrefu kuliko kawaida. Kisha Babu Kosmas akanawa, akamuuliza mama kama ni kweli amemsonya mama mkwe wake. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Jibu lake lilikuwa hapana, na hapana yake ndiyo iliyomleta kizimbani, na kumpungia mkono mzee wa ukoo nako ni kukosa adabu. Nilimwona ulimi ukitembea ndani ya shavu, akauzuia. Akaangalia mbele. Nikaanza, "Babu, mama anasema..." na Babu akaninyamazisha, akisema mtoto hawezi kuwa mdomo wa mtu mzima. Baba akasimama kumtetea mkewe. Alisema maneno mazuri, marefu, yenye mpangilio, lakini aliyasema akitazama vidole vyake vya miguu na kusugua viganja. Mdomo ulikuwa unasema mke wangu hana kosa, mabega yalikuwa yanasema mtusamehe. Wazee wakayaamini mabega.

Hapo ndipo tulisikia mtu anapiga hodi. Alikuwa Mzee Faraji, kanzu yake safi, baiskeli mkononi, amekuja kumletea mama ungo wake aliouacha barazani pamoja na pakiti ya chumvi, na nyumbani ameelekezwa kwamba wote tupo huku. Akasalimia, akakaribishwa kiti, akapewa togwa. Babu Kosmas alimweleza shauri lilivyo, kwa heshima anayostahili mgeni, halafu akaona hapa amepata shahidi. "Wewe umekaa naye barazani miaka yote, Mzee Faraji. Tuambie kweli mbele ya Mungu. Hata wewe huwa anakusonya?"

"Nts," akasema Mzee Faraji.

Babu Kosmas aliweka kikombe chini. Bibi akajishika kifua. "Mmeona? Na huyu naye!" Mzee Faraji akageuka huku na huku, hajui amekanyaga nini. "Jamani, nimesema nini kibaya? Nimemjibu mzee kwamba hapana." Babu Kosmas akamwambia hajajibu kitu, amewasonya. "Astaghfirullahi!" Mzee Faraji akainuka kitini kabisa. "Niwasonye ninyi wazee wangu, hapa nimekaribishwa togwa? Hiyo kwetu ni hapana. Mama yangu mzazi alinijibu hivyo tangu nanyonya. Msonyo mbona mnaujua, msonyo ni huu." Na mzee yule mpole, mbahili wa maneno, akachomoza midomo mbele, akapandisha jicho na kulishusha, akavuta msonyo mmoja mrefu, uliojaa mate na dharau, msonyo wa mke mwenza kisimani. Ulikuwa msonyo kamili. Watoto tulianguka kicheko, na hata wazee wawili watatu wakajifanya wanakohoa. Akakaa, akajifuta midomo kwa leso, akaomba radhi.

Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama mama, na nilimwona anarudisha nyuma mambo kichwani, swali lake na jibu lile. Alimuuliza kwa Kiswahili, polepole, "Siku ile nilikuuliza kama bado unaumwa. Ulinijibu kwamba huumwi?" Mama akapandisha nyusi juu kabisa, zikakaa huko huko. Bibi akavuta pumzi. Kuku walikuwa wakidonoa makombo miguuni pake. Halafu akauliza lile swali ambalo mimi nilikuwa nimelikimbia wiki nzima. "Je, unataka kurudi kwenu Lundo?" Nilifumba macho. Niliona khanga kwenye kikapu, niliona kiganja cha mawimbi. Na mama yangu, mbele ya ukoo mzima, mbele ya mwanamke aliyemshtaki kwa mlio ule ule, alibana ulimi nyuma ya meno akauachia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nts!"

Bibi ndiye aliyeanza. Mabega yalimtikisika kwanza, halafu kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu aliyekishikilia muda mrefu, mpaka kilemba kikamlegea. Mama akapiga magoti pale pale na kugonganisha viganja, kama alivyofanya kila siku tangu atoke hospitali. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba na za siku zote zile." Babu Kosmas akatangaza kwamba shauri limekwisha na kama kuna ugali umebaki uletwe. Nilifurahi hadi nikaona aibu ya kufurahi kiasi kile.

Baadaye, sauti iliporudi, ikiwa ya mikwaruzo na isiyovuka tena bonde, nilimuuliza mama kuhusu khanga na mawimbi. Akanishangaa. Khanga alikuwa anazichambua tu ili ampe Bibi mbili kama suluhu, na kiganja kilikuwa kinamwambia baba apeleke neno Lundo, ndugu zake wasije wakapanda mlimani kugombana. Nilikuwa nimesoma ishara sawasawa na maana nikaikosa, kwa sababu sikuweka neno pembeni yake. Tangu hapo nina msimamo wangu, nao sijaona wa kunitoa. Mlio ule ule ni tusi au ni hapana au ni upendo, na kinachoupa maana ni swali lililotangulia na uso ulioubeba. Na neno nalo likiachwa peke yake ni kama maneno ya baba siku ile, mazuri kabisa na hayafiki popote. Ninayasema haya kwa watu wazima wenzangu, na wengi huniitikia huku wakitazama simu.

Maana siku hizi tuna maneno mengi kuliko tulivyowahi kuwa nayo. Mimi nakaa Dodoma, watoto wangu wanaandikiana kutwa nzima kwa vidole gumba, wakitiana vile vichwa vya njano vinavyocheka na kulia, na sivibezi, vile ni nyusi zao. Wakitukanana kwa bahati mbaya, wanakosana wiki nzima kwa sababu hawakuonana uso. Kwetu mlimani barabara imejaa malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na ukitaka kusikika kutoka bondeni ungehitaji sauti ya mama ya zamani. Mama yupo, usipa ameshaacha kuuza. Mzee Faraji na Babu Kosmas walikwishatutoka. Bibi alizeeka sana, mlio ule akiwa ameuchukua kuwa wake, akawa anawajibu nao hata mapadri, mpaka kiharusi kilipomwangusha, kikamchukua upande mmoja wa mwili na maneno yote.

Mama alihamia kwake kumuuguza. Miezi ikapita. Nilipiga simu siku moja mchana nikamsikia mama amechoka, sauti imekwisha kabisa, nikamwambia arudi nyumbani kwake akapumzike, mawifi zake washike zamu. Nilitumia neno hilo hilo, akapumzike, bila kufikiri. Mama akasema nisubiri amuulize mwenyewe. Nikasikia kitanda kikilia, simu ikisogezwa, lori likipita barabarani na kwisha. Kisha nikaisikia ile sauti ya mikwaruzo ikisema polepole, "Mama, mjukuu wako anasema nirudi kwangu nikapumzike. Niende?" Nilijua kabisa mama ameinama anamtazama usoni. Halafu ukaja, mdogo, mkavu, wazi kabisa sikioni mwangu umbali wote ule.

"Nts."

Mama akarudi kwenye simu. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Nimekatazwa kuondoka."